Anayeng'oa Meno Mchana na Kusoma Usiku

Mlandege, kata ya Manispaa ya Iringa, huamka kungali na ukungu. Magari ya vijijini hushusha abiria, na miongoni mwao hakosekani mtu aliyejifunga mtandio shavuni. Huyo hahitaji kuulizwa aendako. Amekesha siku mbili tatu na jino, amejaribu karafuu, amesukutua maji ya chumvi, amenunua vidonge duka la jirani, na sasa amekata shauri. Atakayempokea kliniki mara nyingi si daktari mwenye shahada. Ni tabibu wa kinywa na meno, mtu wa stashahada ya miaka mitatu, ambaye mpaka jua litue atakuwa ameng'oa meno ya watu wengi na kuziba ya wachache.

Tabibu huyo ana jambo jingine analolibeba moyoni. Anataka kusoma shahada ya udaktari wa meno. Akitoka kazini hufungua daftari la kemia. Mwenzake aliye bado chuoni Mbeya, ambako serikali imewafundisha matabibu wa meno kwa miongo kadhaa, anafanya vivyo hivyo baada ya mazoezi ya kliniki. Na mdogo wao aliye kidato cha tano, mwenye tahasusi ya fizikia, kemia na biolojia, ameshaambiwa na nyumba nzima kwamba yeye ndiye daktari wa ukoo. Wote watatu wanalalamika jambo moja: muda hautoshi. Makala haya yanadai kwamba muda upo, lakini ni mdogo kuliko wanavyoota na mkubwa kuliko wanavyoogopa. Na kwamba katika kuugawa, mgonjwa aliyejifunga mtandio ana haki ya kuhesabiwa.

Kwanza uelezwe mtihani wenyewe, kwa kuwa wengi huuendea kwa habari za kuazima. Kijana anayetafuta maarifa kwenye intaneti hukutana na mashauri ya Marekani. Huko yupo mtihani maalumu wa kuingia vyuo vya udaktari wa meno, unaosimamiwa na chama cha madaktari wa meno cha nchi hiyo tangu katikati ya karne iliyopita. Mtahiniwa huulizwa biolojia, kemia, hesabu, ufahamu wa kusoma, na uwezo wa kuona umbo la kitu akilini na kuligeuza. Zamani walichonga hata chaki ili mkono upimwe. Kanada walichonga kipande cha sabuni kwa miaka mingi. Uingereza nayo, tangu 2006, ina mtihani wa pamoja wa kupima akili na maamuzi kwa wanaoomba udaktari na udaktari wa meno. Ni mambo ya kuvutia kuyasoma, lakini hayamhusu mwombaji wa Tanzania. Anayepoteza miezi akikariri mafumbo ya maumbo yaliyokunjwa anajiandaa kwa mlango usiokuwapo.

Mlango wa Tanzania ni cheti. Mwenye kidato cha sita huingia kwa ufaulu wa fizikia, kemia na biolojia katika mtihani wa NECTA unaofanyika mwezi wa tano. Mwenye stashahada ya tabibu wa meno huingia kwa wastani wa alama zake za chuo, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Masharti hutolewa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, na mwombaji mwenye busara hukisoma mwenyewe badala ya kusimuliwa. Kutimiza masharti ya chini si kuchaguliwa. Shahada ya udaktari wa meno ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1979, na kwa muda mrefu hakukuwa na chuo kingine nchini kilichoitoa. Nafasi daima zimekuwa chache kuliko wanaozitaka, na kinachoamua ni ushindani.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa stashahada hana siku ya mtihani wa kuingia. Mtihani wake wa kuingia ulianza siku alipoingia darasani mwaka wa kwanza, na unaendelea kila muhula. Hili hawaambiwi mapema. Wengi huuchukulia mwaka wa kwanza kama mwaka wa kuzoea mji, wakaanza kuhangaika mwaka wa tatu, wakati hesabu ya wastani imekwisha kuwa nzito na haiinuki tena kwa juhudi za miezi sita. Na wapo wanaogundua mwishoni kabisa kwamba cheti chao cha kidato cha nne hakina ufaulu wa fizikia unaotakiwa. Wastani wa chuo ni mzuri, mikono ni mizuri, wagonjwa wanamsifu, lakini mlango umefungwa na alama aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba. Huyo analazimika kurudi kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, akae dawati moja na watoto wa jirani. Si aibu, ila ni jambo ambalo mkufunzi mmoja angeweza kulizuia kwa kuvikagua vyeti vya wanafunzi wake juma la kwanza la chuo na kumwita pembeni kila mwenye pengo.

Sasa muda. Juma lina saa 168, kwa tajiri na maskini. Chukuliwe mfano wa mwanafunzi wa stashahada, au mtumishi kijana mwenye ratiba inayofanana naye. Alale saa 7 kila usiku, ni saa 49, zinabaki 119. Darasa na kliniki, au kazi na zamu, zichukue 45, zinabaki 74. Kupika, kula, kufua, kuoga na kusafiri, saa 4 kwa siku, ni 28, zinabaki 46. Ibada, wazazi, wageni, harusi, misiba na kukaa tu bila kufanya kitu, ambako nako ni haki ya kiumbe, zipewe 16; zinabaki 30. Kati ya hizo, masomo ya chuo yenyewe au marejeo ya kazi yadai 18. Zimebaki 12.

Saa 12 kwa juma. Mtu akiziona anaweza kukata tamaa, maana rafiki yake wa bwenini anadai kusoma saa 8 kwa siku. Lakini tangu mwanzo wa Oktoba hadi mwisho wa Aprili kuna majuma 30, na 30 mara 12 ni saa 360. Kila somo kati ya matatu linapata 120. Mtu mzima aliyekwisha kuyasoma masomo hayo mara moja, akazitumia saa 120 za kweli kwa kila somo, hafiki chumba cha mtihani akiwa mtupu. Kazi kubwa ni lile neno "za kweli." Saa moja ambayo simu ipo mezani uso juu si saa. Saa ya usiku wa manane ambayo macho yanasoma mstari mmoja mara nne si saa. Ni afadhali saa moja na nusu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu Jumamosi, na saa moja na nusu Jumapili jioni kwa kurudia makosa ya juma hilo tu. Jumla ni zile zile 12, na hakuna siku iliyogeuzwa kuwa adhabu.

Namna ya kuzitumia inajulikana vizuri kuliko inavyofuatwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema, katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa vipindi hupunguza upotevu huo. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma tena, wengine walifunga karatasi wakajaribu kukumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya juma moja, waliojaribu kukumbuka waliwapita. Hapo ndipo ulipo udanganyifu wa kusoma kwa kupaka rangi vitabu: usiku ule ule msomaji anajiona ameelewa, na kujiona huko ndiko kunakomwangusha. Mitihani iliyopita ya NECTA si kitu cha kuwekewa akiba mpaka mwezi wa nne. Ni chombo cha kusomea tangu juma la pili, hata kama jibu la kwanza litakuwa aibu tupu.

Lakini mtu wa kliniki ana utajiri mwingine ambao mtoto wa kidato cha sita hana, na inasikitisha kuona unavyoachwa. Anazigawa siku zake mbili: mchana kazi, usiku masomo, kana kwamba ni dunia mbili zisizosalimiana. Sivyo. Sehemu nzuri ya mtaala wa kidato cha sita inakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

Mfano wa kwanza ni ganzi. Kila tabibu anajua kwamba jino lililovimba na kutunga usaha haligandi vizuri. Mgonjwa anadungwa, anasubiri, anaguswa, anaruka. Anadhani tabibu hajui kazi, au dawa imeisha nguvu. Mara nyingi sababu ni kemia. Lidokeini ni besi dhaifu. Ndani ya tishu hukaa katika hali mbili: sehemu isiyo na chaji, ambayo ndiyo inayoweza kupenya utando wa mshipa wa fahamu, na sehemu yenye chaji, ambayo haipenyi. Uwiano wa hali hizo mbili unategemea tindikali ya mahali pale. Kipimo cha pKa cha lidokeini ni karibu 7.9. Katika tishu yenye afya, ambako pH ni 7.4, karibu robo ya dawa haina chaji. Penye uvimbe tindikali huongezeka. pH ikishuka hadi 6.4, sehemu isiyo na chaji inabaki karibu 3 tu katika kila 100. Dawa ni ile ile, sindano ni ile ile, lakini askari wanaoweza kuvuka mto wamepungua mara nane. Ndiyo maana tabibu hodari hudunga mbali na uvimbe, kwenye shina la mshipa, au humpa mgonjwa matibabu ya kupunguza maambukizi kwanza. Mada hiyo katika kitabu cha kidato cha sita inaitwa mlingano wa kikemia na tindikali na besi. Wanafunzi huichukia kwa logi zake. Aliyemwona mgonjwa akiruka kitini hana sababu ya kuichukia. Ameshauona mlinganyo ukitembea.

Na lidokeini ikishapenya, hufanya nini? Huziba njia za sodiamu katika mshipa, msukumo wa umeme wa fahamu ukashindwa kusafiri. Hiyo ni biolojia ya neva, ukurasa ule ule wenye mchoro wa mawimbi ambao watahiniwa hukariri bila kujua unamfaa nani.

Kuoza kwa jino ni somo la kemia pia. Bakteria wa utando wa meno hula sukari na kutoa tindikali. pH ya mdomoni ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya gamba la jino, haidroksiapataiti, huanza kuyeyuka. Mate yakiirudisha juu, madini huanza kurudi. Ni mlingano tena, wa mumunyo safari hii, na floridi huingia hapo kwa kutengeneza madini magumu zaidi kuyeyuka. Mgonjwa anayesoma makala haya anaweza kuondoka na jambo moja kutoka kwenye mlinganyo huo. Chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi mchana huliweka jino kwenye tindikali kwa saa nyingi, na huliumiza kuliko kikombe hicho hicho kinachonywewa mara moja na chakula.

Fizikia? Kifaa cha kuinulia jino ni wenzo, na anayekiegemeza jino la jirani badala ya mfupa anajifunza kanuni ya nguzo ya wenzo kwa hasara ya mtu mwingine. Mashine ya eksirei inafuata kanuni ya kinyume cha mraba: mtumishi akisimama umbali mara mbili, mionzi inayomfikia ni robo. Mtu anayelijua hilo kwa miguu yake, kwa sababu ndivyo anavyosimama kila siku, hapaswi kulipoteza swali hilo mwezi wa tano.

Kwa hiyo tabibu anayesoma na atembee na kijitabu kidogo mfukoni, aandike kila siku jambo moja la kliniki lililomuuliza swali, na jioni alitafute kwenye kitabu cha sayansi. Dakika za kusubiri vifaa vitoke kwenye mtungi wa kuchemshia zinatosha kuandika sentensi. Ni mazoea madogo, na yana faida inayomrudia mgonjwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa tabibu aliyeelewa kwa nini ganzi haikushika humweleza mgonjwa kwa utulivu badala ya kumkaripia.

Hapo ndipo inapofikia haki ya mgonjwa, na hapa pana neno gumu la kuwaambia vijana. Ipo sifa mbaya inayozunguka vyuoni na vituoni, ya kukesha. Anayelala saa tatu anaitwa mpambanaji. Anayelala saa saba anaitwa mvivu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walipima utendaji wa watu walionyimwa usingizi na wa watu waliopewa pombe. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo alishuka kiutendaji kiasi sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa kumi alfajiri ili asome kabla ya kazi anafikisha saa 17 ifikapo saa tatu usiku. Akiwa kwenye zamu ya dharura wakati huo, ameshika sindano na koleo. Hakuna mgonjwa wa Mlandege ambaye angekubali kung'olewa jino na mtu aliyetoka kilabuni. Kwa nini amkubali aliyetoka kwenye kitabu akiwa katika hali hiyo hiyo?

Kosa la kung'oa jino lisilo lenyewe halirekebishiki kwa kuomba radhi. Sindano iliyomchoma tabibu mwenyewe kidoleni huleta majuma ya dawa na hofu. Hivyo saa 49 za usingizi katika hesabu ya hapo juu si akiba ya kukopwa. Muda ukipungua, kinachopaswa kupungua ni lengo la mwaka huo: mtu asome masomo mawili vizuri, aliache la tatu kwa mwaka unaofuata, au aahirishe mtihani. Inauma, na wazazi hawatafurahi. Lakini shahada inayosubiri mwaka mmoja bado ni shahada.

Wasimamizi wa vituo wana sehemu yao, na si ndogo. Katika vituo vingi ratiba ya zamu hutolewa dakika za mwisho na kubadilishwa kwa simu. Kwa mtu asiyesoma huo ni usumbufu. Kwa anayesoma ni kuvunjiwa mpango wote. Mganga mfawidhi hahitaji fedha wala kibali cha wizara ili kutoa ratiba ya majuma manne mapema na kuiheshimu. Hahitaji fedha kumruhusu mtumishi wa mtihani abadilishane zamu za mwezi wa nne na mwenzake, kwa maandishi, na kuzilipa mwezi wa sita. Anachohitaji ni kukubali kwamba kusoma kwa mtumishi ni sehemu ya kazi na si ukaidi. Wapo wanaoliona ombi la ruhusa ya masomo kama dalili ya kiburi, na wakalikalia. Barua iliyokaliwa miezi mitatu huweza kuchelewesha mtu mwaka mzima, maana dirisha la udahili halimsubiri mtu.

Wasimamizi nao wana hoja, na ni halali. Wanasema: akienda, harudi. Wilaya humlea tabibu, humzoeza, kisha humpoteza kwa miaka mitano ya shahada na mmoja wa mafunzo ya vitendo, na baada ya hapo anatafuta mji mkubwa. Benchi la Mlandege linabaki na watu wale wale, na mtumishi mmoja pungufu. Hoja hiyo haiwezi kujibiwa kwa maneno ya haki ya mtu kujiendeleza tu. Lakini kumzuia si dawa. Anayezuiwa hubaki mwili, na kazi yake huwa ya kusogeza siku. Makubaliano ya wazi kabla ya safari, yenye muda wa kurudi kuhudumu na yenye mtu aliyepangwa kushika nafasi yake, yana heshima kwa pande zote. Nchi iliwahi hata kulijaribu wazo kubwa zaidi: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka anayekwenda chuo kikuu awe kwanza amefanya kazi na apendekezwe na mahali alipofanyia kazi. Masharti yale yalilegezwa baadaye, na yalikuwa na kasoro zake, lakini yalikuwa na imani moja inayofaa kukumbukwa kila barua ya ruhusa inapoletwa mezani: kwamba aliyeshika kazi kwa mikono analeta darasani kitu ambacho aliyetoka shule moja kwa moja hana.

Ipo pia hatari upande wa tabibu mwenyewe, ya kuiona stashahada kama chumba cha kungojea. Anayesubiri kuwa daktari huweza kuacha kuwa tabibu. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania bado yapo yale yanayoitwa "meno ya plastiki" au ya nailoni: mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, mtu humfungua kinywa, akaona weupe wa vikonyo vya meno ya chonge ndani ya ufizi, akavichokoa kwa kifaa kisicho safi na kumwambia mama kwamba ugonjwa umetoka. Watoto wameambukizwa na kupoteza damu kwa jambo hilo, na ugonjwa halisi, kuharisha, ukaachwa bila maji ya chumvi na sukari. Anayesimama kati ya mama huyo na kisu hicho, kijijini na mjini, ni mtu wa ngazi ya stashahada au chini yake. Kazi hiyo haingojei shahada. Na mkuu wa chuo anayewaambia wanafunzi wake kwamba stashahada ni ngazi tu ya kupandia anawafundisha kuidharau siku yao ya leo.

Sababu wanayoitoa wengi wao wakiulizwa kwa nini wanataka shahada ni tofauti na ile wanayodhaniwa. Mshahara umo, bila shaka. Lakini wanaochoka na kung'oa ni wengi. Katika kliniki nyingi za umma mgonjwa hufika jino likiwa limeshaharibika, au vifaa vya kuziba havipo, na tiba inayobaki ni koleo. Mtu anayeng'oa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa meno ambayo yangeweza kuokolewa hufika mahali akataka kujua namna ya kuyaokoa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba magonjwa ya kinywa yanawagusa karibu watu bilioni 3.5, na kwamba watatu katika kila wanne kati yao wako katika nchi za kipato cha kati. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna benchi la mbao, na mtandio shavuni. Anayesoma usiku kwa ajili hiyo anastahili ratiba ya zamu isiyobadilishwa kwa simu.

Wagonjwa nao wanaweza kusaidia kwa jambo dogo lisilosemwa: kufika mapema katika ugonjwa. Jino lililoanza kuuma kwa maji ya baridi tu huzibwa kwa muda mfupi, kituo kikiwa na vifaa. Jino lililovimbisha shavu huchukua nusu asubuhi, ganzi haishiki, na foleni yote hurefuka hadi jioni.

Mwisho kuna makaratasi, ambayo huangusha watu wengi kuliko fizikia. Mwenye stashahada huombwa namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET kabla ya kuomba chuo kikuu, na namba hiyo haipatikani kwa siku moja kama matokeo ya chuo hayajafikishwa huko. Majina yanapaswa kufanana katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha stashahada. Herufi moja iliyozidi katika jina la baba huweza kuhitaji kiapo cha wakili. Anayetaka mkopo wa Bodi ya Mikopo naye ana vielelezo vyake vya kuhakikiwa. Barua ya ruhusa ya mwajiri ina njia yake ndefu, kutoka kituoni hadi halmashauri. Yote haya yafanywe kati ya Januari na Machi, katika zile saa za Jumamosi, huku kitabu cha kemia kikiwa bado mezani. Dirisha la kwanza la udahili hufunguliwa karibu na mwezi wa saba, baada ya matokeo ya kidato cha sita, na tabibu ambaye namba yake ya uhakiki bado inashughulikiwa siku hiyo atakuwa kliniki kama kawaida, koleo mkononi, akihesabu majuma ya mwaka mwingine.